Halilii Jina, Analilia Jani

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, kama ya watu walioazima midomo? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Mwenye mtoto ampakate, mwenye kunde za kuchambua achambue. Hadithi haifungi mikono.

Hapo zamani za kale, wakati watu walikuwa na masikio mawili kama sisi na wakayatumia kama sisi, yaani kwa kuvalia hereni, palikuwa na kijiji. Jina lake limesahaulika, na kwa mambo nitakayowaambia, heri limesahaulika.

Katika kijiji hicho mtoto mchanga hakuwa na ruhusa ya kuumwa tumbo.

Mnacheka? Msicheke. Mtoto akilia jioni moja, walisema ana njaa. Akilia jioni ya pili, walisema mama yake amekula pilipili. Akilia jioni ya tatu, basi, wanaume wanakohoa na kutafuta fimbo zao: "Huyo analilia jina."

Kulilia jina ni nini? Ni kwamba kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa tena duniani, amemwingia mtoto, na mtoto hatanyamaza mpaka marehemu huyo atajwe. Basi wazee watakuja, watatandikiwa mkeka, watataja majina ya wafu mmoja baada ya mwingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Na aliyelitaja ndiye mwenye mtoto. Siku ya gulio mtoto atafungwa uzi mweusi mkononi, na uzi ukishafungwa haufunguliwi. Akiacha ziwa tu, anahamia nyumba ya mwenye jina.

Na mama? Mama atapika. Wazee hawataji majina kwa tumbo tupu.

Sasa sikilizeni vizuri. Wa mwisho kutaja alikuwa Jumbe, mkuu wa kijiji, kwa sababu ndiye mkubwa. Jumbe Ngoda. Tumbo mbele, fimbo mbele, yeye mwenyewe nyuma. Wengine watataja, mtoto atalia. Watataja, mtoto atalia. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Mpaka sauti imkauke, mpaka macho yalegee, mpaka kifua kichoke. Hapo ndipo Jumbe atakaposafisha koo, hem, hem, na kutaja jina la babu yake, ambalo ndilo jina lake mwenyewe:

"Ngoda!"

Na mtoto, kwa kuchoka, atanyamaza.

"Mmeona?" atasema Jumbe.

Na wote wataona. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini wafu wote wa kijiji wamelala salama isipokuwa babu yake Jumbe. Nyumbani kwake kulijaa watoto wa watu, wote Ngoda. Ngoda wa kuchunga mbuzi. Ngoda wa kuteka maji. Ngoda wa kukata kuni. Kulikuwa hata na msichana mmoja, naye Ngoda. Jumbe akisimama mlangoni akiita "Ngoda!" uwanja mzima unakimbia. Na mama zao wakikutana nao njiani waligeuza nyuso, kwa sababu desturi ilisema usimchanganye mtoto.

Desturi! Neno hilo limelimia watu mashamba mengi kuliko jembe.

Basi, palikuwa na mwanamke aitwaye Sikudhani, mke wa Mbaruku. Alikuwa na mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Mchana mtoto mzuri, ananyonya, anajinyoosha. Jua likiinama tu, anakunja miguu, anakaza ngumi, tumbo linakuwa gumu kama ngoma iliyowambwa jana. Kisha anaanza. Ngaa! Ngaa! Ngaa!

Jioni ya tatu wazee wakaja. Mkeka ukatandikwa. Jogoo akachinjwa. Na Sikudhani akapika, mtoto mgongoni.

"Mwinyikombo!" akataja mzee wa kwanza.

Ngaa!

"Kigulu!" akataja mwingine.

Ngaa!

"Huyu ni Masudi, yule aliyeliwa na mamba. Masudi!"

Ngaa! Ngaa!

"Mchuzi umepungua," akasema mzee mmoja.

Na Sikudhani akaongeza mchuzi.

Jumbe akangoja. Akala, akangoja. Akafuta midomo, akasafisha koo. Hem, hem.

"Ngoda!"

Ngaaa! Ngaaa! Ngaaa!

Mtoto huyu alikuwa na kifua. Kuku walikimbia. Jumbe akataja tena, mtoto akapaza zaidi, mpaka ikawa kama watu wawili wanaogombana.

Hapo ndipo sauti ilipotoka upande wa uani.

"Mtoto huyo halilii jina."

Alikuwa Bibi Mwanamvua, mkunga. Wazee wenyewe walimwita bibi, maana karibu wote aliwapokea yeye walipozaliwa. Hakuwa na jino hata moja kinywani. Tena alikuwa na tabia moja ya kuchosha watu: hakusema jambo ambalo hakuliona.

"Halilii jina," akarudia. "Analilia jani."

Wazee wakatazamana. Kisha wakacheka.

"Jina, bibi," akasema Jumbe, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kutamka. "Sema ji-na."

"Ja-ni."

"Meno yamekwisha," mzee mmoja akawaeleza wenzake. "Ulimi hauna ukuta wa kugonga. Anataka kusema jina, linatoka jani."

"Ulimi wangu unajua unakokwenda," akasema Bibi Mwanamvua. "Nimesema jani. Tumbo la mtoto limejaa upepo, na jani lake liko nyuma ya nyumba yangu."

"Lile wanalogaagalia paka?"

"Hilohilo."

Jumbe akapiga fimbo chini. Ko! "Mtoto wa ukoo wangu anyweshwe dawa ya paka! Kesho si ataota mkia?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mbaruku, baba wa mtoto, naye akacheka. Huyo nitamrudia.

Bibi Mwanamvua hakubishana. Aliingia jikoni, akainama karibu na Sikudhani.

"Mjukuu wangu, kesho ukienda kisimani pitia kwangu. Na huo mchuzi, utie maji. Hawastahili mzito."

Asubuhi Sikudhani akapita. Mtungi kichwani, mtoto mgongoni, macho mekundu.

Nyuma ya nyumba ya Bibi Mwanamvua palikuwa na jani limeota kwa wingi, limesimama mpaka usawa wa goti. Rangi yake kijani iliyopauka, kama imemwagiwa majivu. Ukilishika, laini, lina manyoya kama sikio la mwana-mbuzi. Shina lake halikuwa la mviringo, lilikuwa na pembe nne. Maua madogo meupe, yenye madoa kama ya zambarau. Na harufu yake kali kidogo, ya kuingia puani na kufungua kichwa.

Katikati ya majani alikuwa paka wa Bibi, Sharubu. Anajisugua shavu. Anabiringika. Miguu juu, mate yanamtoka.

"Bibi, amerogwa?"

"Amefurahi. Kwani wewe hujawahi kumwona kiumbe aliyefurahi?" Bibi akamsukuma paka kwa mguu. "Punde ataamka, atajilamba, ataenda kutafuta panya. Unafikiri kwa nini ghala langu halina panya? Paka wa kijiji kizima wanashinda hapa. Panya wakisikia harufu ya hapa wanajua ni barazani kwa adui."

"Lakini ni jani la paka."

"Na maziwa si ya ndama? Mbona tunakunywa?"

Sikudhani akatua mtungi wake chini.

"Mimi sikumwamini paka," akasema Bibi. "Nilikunywa mwenyewe kwanza, siku nilizokuwa na mawazo ya kuninyima usingizi. Nikalala. Nikamnywesha mume wangu alipokuwa anakoroma tumboni badala ya puani. Akajamba, akapona. Nikaponda majani nikasugua mwimo wa mlango, mbu wakapungua. Ndipo nikajaribu kwa mwanangu, tone moja, nikakaa naye kutwa nzima nikimtazama. Sasa sikiliza, sitaki kurudia."

Akachuma majani.

"Usiyachemshe kama maharage. Maji yachemke, epua, tia majani, funika. Ukiyachemsha yenyewe, nguvu inaondoka na mvuke, utabaki na maji ya kijani tu. Kikombe unywe wewe, kimfikie kwa njia ya ziwa. Yeye matone machache ya uvuguvugu, kwenye ncha ya kidole. Kisha msugue tumbo kwa kuzungusha, hivi, mkono mwepesi. Na uniambie kweli: una mimba nyingine?"

"Bibi! Huyu hata shingo haijakaza!"

"Nauliza. Mwenye mimba halinywi. Na mtoto akiwa na homa, au anatapika, usikae unachemsha majani. Niite. Jani hili ni la upepo wa tumbo na usingizi. Si la kila kitu. Anayekuambia dawa yake ni ya kila kitu, shika kuku wako vizuri."

"Kwa nini wengine hawakuambiwa?"

Bibi Mwanamvua akacheka, lakini si cheko la furaha.

"Waliambiwa wote. Wanasikia jina."

Alasiri ile, jua lilipoanza kuinama, mtoto akakunja miguu. Akakaza ngumi. Ngaa! Sikudhani akaepua chungu, akatia majani, akafunika, akangoja. Akanywa kikombe. Akachovya kidole, akampa mtoto. Tone, na tone, na tone. Akamlaza mapajani akamsugua tumbo, kwa kuzungusha, mkono mwepesi.

Ngaa. Nga. Ng.

Puuuuu!

Sauti ile ilitoka kwa mtoto mdogo, lakini mzee mzima asingeionea haya. Tumbo likalegea. Ngumi zikafunguka, kidole baada ya kidole. Akanyonya, akalala.

Na Sikudhani akakaa. Mnajua maana yake, mama wa mtoto mchanga kukaa? Akakaa kabisa, mgongo ukutani, miguu mbele, mikono haina kitu. Akala chakula kikiwa bado cha moto.

Mngedhani hadithi imekwisha. Mtoto amepona, mama amepumzika, kila mtu kwake. Lakini kuna watu ambao ukipona bila wao huona umewaibia.

Jumbe alipita njiani akasikia kimya. Akasimama. Akapiga hodi huku ameshaingia.

"Amenyamaza?"

"Amenyamaza, baba," akasema Sikudhani.

"Mmeona! Jina langu limeingia. Limechelewa tu. Babu yangu alikuwa na mguu mbovu, alitembea taratibu. Leo ndiyo amefika."

"Baba, si jina. Ni jani. Nimelitia mwenyewe kwenye chungu kile pale."

Jumbe akakitazama chungu. Akakitazama kwa muda. Kisha akamgeukia Mbaruku, kana kwamba mwanamke hakusema kitu.

"Mbaruku, mwanangu, kesho ni gulio. Nitakuja alasiri na uzi."

Akaondoka. Tumbo mbele, fimbo mbele.

"Mke wangu," akasema Mbaruku, "usibishane na baba mkubwa. Mtoto kupata jina la Jumbe ni heshima."

"Heshima ya kuchunga mbuzi?"

"Atakula vizuri kule."

"Hapa anakula mawe?"

"Ndiyo desturi. Mimi nifanye nini?"

Nilisema nitamrudia Mbaruku. Nimemrudia. Hana zaidi ya hayo.

Sikudhani hakulala. Alfajiri alimfunga mtoto mgongoni akakimbia kwa Bibi Mwanamvua. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Majani yote yalikuwa chini. Yamekanyagwa, yamesagwa, yamechanganywa na matope. Harufu imejaa mpaka njiani. Paka wa kijiji kizima walikuwa wanagaagaa katika matope hayo, nyau, nyau, kama watu waliofika harusini kabla ya bwana harusi. Na katikati yao, alama za nyayo pana.

Kwa maana Jumbe alikuwa mnafiki, lakini hakuwa mjinga. Alijua vizuri sana ni nini kilichomo kwenye chungu.

Bibi Mwanamvua alikuwa ameketi kizingitini.

"Bibi, nimekwisha," akasema Sikudhani.

"Hujaisha. Lia kidogo, kisha uje ndani."

Sikudhani akalia kidogo, kisha akaingia ndani.

"Amekanyaga tu," akasema Bibi. "Ni mvivu hata wa kuinama ang'oe. Mizizi ipo, mvua ikinyesha litachipua. Na tazama juu."

Juu ya meko vilining'inia vibunda vya majani, vikavu, vimefungwa kwa kamba ya ukindu.

"Mwenye akili hategemei shamba lililo njiani kwa watu," akasema Bibi Mwanamvua. "Sasa nisikilize. Leo usimpe jani. Mwache alie."

"Bibi!"

"Mwache alie mbele ya kila mtu. Jumbe ataje jina lake mpaka achoke."

"Ataumia."

"Ataumia. Sitakudanganya. Lakini heri alie alasiri moja kifuani kwako, kuliko alie miaka kwenye zizi la mtu."

Sikudhani akamkumbatia mtoto.

"Nitamwacha alie," akasema.

Alasiri wakaja. Siku ya gulio watu ni wengi, na wote walitaka kuona mtoto akifungwa uzi. Wanaume wakaketi mkekani. Wanawake wakasimama uani, na miongoni mwao mama za wale watoto walioitwa Ngoda. Jumbe akatoa uzi mweusi akauweka gotini. Kuku akachinjwa. Na Sikudhani akapika.

Jua likainama. Mtoto akakunja miguu. Akakaza ngumi.

Ngaa!

"Si amenyamazishwa jana huyu?" akauliza mzee mmoja.

"Amesahau," akasema Jumbe. "Atakumbushwa." Akasafisha koo. Hem, hem. "Ngoda!"

Ngaa!

"Ngoda, babu yangu, tulia!"

Ngaa! Ngaa!

"Ngodaaa!"

Ngaaaa!

Sikudhani alimshika mtoto kifuani. Kila kilio kilimpita kama mwiba. Mara mbili mkono ulitaka kwenda kwenye kile chungu cha jana. Mara mbili akaurudisha.

Ndipo akaja Sharubu. Alipita katikati ya watu, mkia wima, akaenda moja kwa moja kwenye miguu ya Jumbe. Akainusa. Akaweka shavu. Akaanza kujisugua.

"Shh! Toka!"

Akaja wa pili. Akaja mweusi wa kule kisimani. Akaja mwenye jicho moja. Mara Jumbe amezungukwa na paka, wengine kwenye nyayo, wengine wameng'ang'ania upindo wa shuka lake, wanabiringika, miguu juu, mate yanatoka. Akampiga teke mmoja, wakarudi wawili.

"Jumbe," akaita Bibi Mwanamvua kutoka uani, "leo umepita wapi?"

"Nimepita njiani!"

"Njia gani hiyo inayopita juu ya majani yangu?"

Jumbe akavuta upindo wa shuka lake, paka nao wakauvuta.

"Nakuuliza kwa kuwa sielewi, mimi meno yamekwisha. Kama mtoto alinyamazishwa na jina, majani yangu umeyakanyagia nini? Jani la paka tu, uliliogopea nini?"

"Jibu, Jumbe," ikatoka sauti ya mwanamke. Alikuwa mama wa yule Ngoda wa mbuzi. Tangu mwanawe ahame, hakuna aliyemsikia akisema neno mbele ya watu. "Jibu, tunakusikiliza."

"Hayo ni mambo ya wanawake!" akafoka Jumbe. "Hapa tunataja majina!"

"Vizuri," akasema Bibi Mwanamvua. "Na mimi nitaje."

"Wewe?"

"Desturi imekataza?"

Wazee wakatazamana. Wakawaza. Desturi haikukataza, kwa sababu haikuwahi kumwona mwanamke akiketi kwenye mkeka ule.

Bibi Mwanamvua akaketi. Akampakata mtoto. Akatoa kibuyu kidogo alichokuwa amekifunga kiunoni, kimejaa maji ya uvuguvugu, akachovya kidole. Tone, na tone, na tone. Akaanza kumsugua tumbo, kwa kuzungusha.

"Kinu!" akataja.

Watu wakashangaa. Ngaa!

"Mchi!"

Ngaa!

"Ungo!"

Nga!

"Bibi, hayo ni majina ya nani?" akauliza mzee mmoja.

"Ya ukoo wangu. Niache. Kifuu!"

Nga.

"Mbuzi ya nazi!"

Ng.

Bibi akangoja. Mkono unazunguka, mwepesi. Watu wote kimya, hata paka. Kisha akatamka kwa sauti ya juu, kama Jumbe:

"Mwiko!"

Puuuuuuu!

Mtoto akanyoosha miguu. Akafungua ngumi. Akapiga mwayo, akalaza kichwa.

Bibi Mwanamvua akainua uso.

"Wazee wangu, naomba kuuliza. Babu yenu yupi aliitwa Mwiko?"

Cheko lilianzia uani. Likaanza kwa mama mmoja, likaruka kwa mwingine, likavuka ua, mpaka wazee nao, wakiwa na vipande vya kuku mikononi, wakaanza kutikisika mabega.

Jumbe akasimama, paka wananing'inia shukani. "Hiyo si haki! Umempa dawa!"

"Nimempa nini?"

"Dawa! Hamjamwona? Dawa ile!"

"Dawa ipi, Jumbe? Itaje." Bibi Mwanamvua akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kutamka. "Sema ja..."

Jumbe akafunga mdomo. Lakini macho yote yalikuwa kwake.

"Jani," akasema.

"Sijasikia. Mimi mzee."

"Jani!"

"Ahsante. Meno yako bado mazima. Nilikupa wewe jani hilohilo ulipokuwa mdogo kuliko huyu, nawe ukanijambia mkononi. Sikudai mtoto wala mbuzi. Nilinawa tu."

Kisha akawageukia wazee.

"Desturi yenu inasema mtoto ni wa nyumba ya jina lililomnyamazisha. Je, ndivyo?"

"Ndivyo," wakasema. Wangesema nini tena?

"Amenyamazishwa na Mwiko. Nyumba ya mwiko ni wapi?"

Mzee mmoja akarudisha kipande cha kuku bakulini.

"Nauliza, mwiko unakaa wapi? Mnakula kila siku, hamjui?"

"Jikoni," akasema mzee mmoja, chini kwa chini.

"Na jikoni ni kwa nani?"

Hilo halikungoja jibu. Bibi Mwanamvua aliinuka, magoti yakalia ka, ka, akamweka mtoto mikononi mwa mama yake.

Mama wa yule Ngoda wa mbuzi alikwishaondoka. Alimkuta mwanawe zizini kwa Jumbe, akamshika mkono wenye uzi mweusi.

"Mama," akasema mtoto, "uzi haufunguliwi."

"Haufunguliwi," akasema mama yake. "Lakini unakatika." Akaukata kwa kisu cha kuparia samaki.

Na wengine wakafuata. Jioni ile Jumbe alisimama mlangoni kwake akaita, "Ngoda!" Hakukimbia mtu. Akaita tena, "Ngoda!" Mbuzi wakamtazama, wakaendelea kula paa la jiko lake. Ngoda pekee aliyebaki pale alikuwa yeye, basi akachukua fimbo akaenda kuwachunga.

Ule uzi alioudondosha Jumbe mkekani, Sikudhani aliuokota. Haukutupwa, mama hatupi uzi. Mvua iliponyesha na majani yakachipua, alichuma kibunda, akakifunga kwa uzi ule mweusi, akakitundika juu ya meko yake kikauke. Na Mbaruku akachukua mtungi akaenda kisimani. Hakutumwa na mtu, wala hakusifiwa.

Bibi Mwanamvua alikufa kwa uzee, usingizini, Sharubu miguuni pake. Lakini jani lake lilihama kutoka uga hadi uga, na panya wakahama kijiji. Na katika kijiji hicho mpaka leo, mtu akianza kueleza kwa maneno makubwa jambo dogo linalomuuma mwenzake, watu humkatiza: "Wewe, huyu halilii jina."

Basi, wenye masikio. Kabla hamjamtafutia mtoto anayelia babu aliyekufa, mshikeni tumbo. Na mkiona mtu anatetea desturi kwa nguvu zote, msimtazame mdomo. Tazameni nani anachunga mbuzi wake. Na mzee akisema neno, msimsahihishe kabla hamjalisikia.

Hadithi yangu imeishia jikoni, ilikotoka. Mwenye mtoto akamlaze, mwenye kunde azilete, moto usizimike bure.